Breki ya Pili

Haya, sogea karibu nikutegee. Ana miguu miwili mizima, haina jeraha wala ganzi, lakini hatoki nyumbani kwake mpaka abebwe. Na huyo anayembeba hunywa kabla ya safari, huguna njia nzima, na kila apitapo huacha pumzi yake ichafue pumzi za wenzake. Ni nani huyo, na nani mbebaji wake?

Usijibu haraka. Umesema mtoto mchanga? Mtoto mchanga hana hatia, mwache. Umesema mgonjwa? Nimekwambia miguu mizima. Basi umeshindwa, nipe mji. Na usinipe mji wa mfalme wala mji wa dhahabu. Nipe mji wa kawaida tu, wenye barabara moja pana ya lami, shule ya msingi yenye ukuta wa njano, na chuo cha udereva kilichobanwa kati ya duka la vioo na kinyozi. Umenipa? Nimeupokea. Jibu ni mtu na gari lake. Na mtu mwenyewe, katika mji huo ulionipa, alikuwa Mama Klachi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu katika miaka ishirini na minane ya kufundisha udereva, neno klachi lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko jina la mumewe. Nusu ya watu waliokuwa wakishika usukani pale mjini walipita mikononi mwake. Na hakuna aliyefeli mtihani. Hata mmoja. Kibao cha chuo kilitangaza hivyo kwa rangi nyekundu: KWA MAMA KLACHI HAKUNA KUFELI. Kila mwaka rangi ilipopauka, alikuwa akipanda ngazi mwenyewe na brashi yake kukipaka upya.

Gari lake lilikuwa jeupe, lile la kufundishia, lenye pedali seti mbili. Seti moja ya mwanafunzi. Seti nyingine upande wa pili, miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akipagawa, mwalimu akanyage na watu wabaki salama. Hiyo breki ya pili ndiyo iliyomlea Mama Klachi, ikamsomeshea binti yake mpaka akawa muuguzi, na sasa ilikuwa inamlea mjukuu.

Mjukuu huyo, binti wa miaka tisa, walimwita Chiriku, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Aliamka akisema, akalala akisema. Mama yake alikuwa na zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo asubuhi alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu wakati wenzake wanavivaa. Kumpeleka mtoto shule ilikuwa kazi ya Bibi. Asubuhi walikwenda kwa gari, mchana wakarudi kula kwa gari, baada ya kula wakaenda tena kwa gari, na alasiri wakarudi kwa gari. Safari nne kwa siku, na kila siku Chiriku aliimaliza njia kabla hajamaliza sentensi.

Sasa siku moja, jioni, Chiriku alikuwa amepiga magoti sebuleni.

"Babu, gundi iko wapi?"

Babu yake alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mtaani walimwita Babu Futi. Alistaafu kazi, lakini kazi haikumstaafu yeye: alijua urefu wa kila uzio wa mtaa ule, na ukimwambia kitu kiko karibu, alikuuliza karibu ya mita ngapi.

"Gundi ya nini?"

"Nagundisha karatasi ya pili. Unyayo wangu umetoka nje."

Bibi akainua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiishona. Juu ya karatasi ya miraba kulikuwa na alama ya mguu wa mtoto, umechorwa kwa kuzungushia penseli. Kuzunguka alama hiyo, miraba ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mguu wenyewe ukapotea katikati kama jiwe dimbwini.

"Ni unyayo wa moshi," Chiriku akaeleza. "Kila mtu darasani anao. Ukija na gari lenu, safari moja, mraba mmoja. Ukija na basi, mraba mmoja kwa wiki nzima, maana mko wengi na moshi mnagawana. Ukija kwa miguu, hupaki kitu. Wangu ndio mkubwa kuliko wote, Bibi. Wanauita unyayo wa tembo."

"Tembo ni mnyama wa heshima," akasema Bibi.

"Tembo anatembea," akasema Chiriku.

Babu Futi akacheka mpaka miwani ikamteleza.

Mama Klachi hakucheka. Jambo lenyewe alilijua kuliko hata huyo mwalimu wa darasa. Alilifundisha. Kila kundi jipya la wanafunzi aliwachorea injini ubaoni akawaambia: injini ya asubuhi ni kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, inakula sana na kufanya kazi kidogo; kabla haijapata joto, mafuta mengi yanaishia kuwa moshi; kwa hiyo safari fupi, ukipima kwa hatua, ndiyo chafu kuliko zote. Aliwaambia hayo, akafunga chuo, akawasha gari, akaenda nyumbani. Mganga hajigangi.

"Na kuna habari nyingine," Chiriku akaendelea. "Mwalimu wetu anataka kila mtaa uwe na msafara wa miguu. Watoto wote wanakwenda pamoja, na mtu mzima mmoja mbele. Mtaa wetu tuko saba. Nimeshawauliza wazazi wote."

"Wote?" Babu akashangaa.

"Wote sita. Wanasema kama Mama Klachi ataongoza, watoto watakwenda. Asipoongoza yeye, hawaendi. Wanasema hakuna anayeijua barabara kama yeye. Mwalimu atatusubiri langoni Ijumaa asubuhi. Tusipotokea, nafasi ya kuanza wanapewa mtaa wa pili, sisi mpaka mwakani."

Macho manne yakamgeukia Bibi. Akavuta uzi wa soksi.

"Ni mbali."

"Mita mia sita na tisini," akasema Babu Futi. "Kutoka getini hadi langoni. Nimepima Jumatatu kwa gurudumu langu. Na goti langu hili bovu lilichukua saa nzima, lakini mita hazibadiliki kwa sababu ya goti."

"Mvua, je?"

"Bibi, mvua hainyeshi mpaka miezi miwili ijayo."

"Basi jua."

"Saa moja asubuhi?"

"Sina viatu vya kutembelea."

"Una jozi tisa," akasema Babu. "Nizipange hapa mezani?"

Mama Klachi akaona amezingirwa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Akatia soksi kapuni. Chiriku naye akaacha kupaka rangi, akamtazama bibi yake kwa yale macho ya watoto ambayo hayajui kupiga kona.

"Bibi, unaogopa nini?"

"Nani kakwambia naogopa?"

"Mkono wako. Jumapili tulipokwenda kununua daftari kwa miguu, tulifika kwenye kivuko, ukanishika mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu tukageuka tukarudi, na daftari hatukununua. Unaogopa nini?"

Mama Klachi akasimama, akakusanya vikombe, akaenda jikoni kuviosha. Vilikuwa vimeshaoshwa. Aliviosha hivyo hivyo.

Wewe nitakwambia, maana haifai msikilizaji naye aachwe gizani kama mume wa mtu.

Kati ya mtaa wao na shule kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, ile milia myeupe barabarani. Na kivuko hicho kilikuwa ndani ya njia aliyofundishia kila siku. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi alikuwa na mwanafunzi, karani mmoja mwoga, aliyekuwa akikaribia milia ile bila kupunguza mwendo. Mama Klachi akakanyaga breki yake kwa nguvu. Gari likaruka, karani akalia, akafungua mlango akaenda nyumbani kwa miguu, na masomo yakaishia hapo. Iliuma. Tangu siku hiyo mwalimu akajifunza kukanyaga taratibu, kwa upole, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Mwanafunzi alikaribia kivuko, mguu wa mwalimu ukashuka kidogo, kidogo, gari likasimama kama limesimamishwa na malaika. Mwanafunzi akafurahi. "Umeona nilivyosimama, Mwalimu?" Naye akajibu, "Vizuri sana." Ni nani asiyependa kusifiwa? Na ni mwalimu gani asiyependa darasa lenye furaha?

Mtihani wenyewe ulifanyikia uwanjani, kwenye koni za plastiki, na koni hazivuki barabara. Kila mtu akafaulu.

Hakujua alichokuwa akikifanya mpaka mwaka uliopita. Alikuwa ameegesha gari, akavuka kwa miguu kwenda kununua uzi ng'ambo. Kwenye milia, gari la mikate likaja. Aliyekuwa akiendesha ni mwokaji, mwanafunzi wake wa zamani, mtu mpole mwenye adabu zake. Hakusimama. Hakupunguza hata kidogo. Mama Klachi aliruka nyuma kama msichana, mguu wake wa kulia ukakanyaga lami, ukatafuta pedali ambayo haikuwapo. Na mwokaji akatoa mkono dirishani kwa furaha: "Shikamoo, Mwalimu!" Akapita zake na mikate yake.

Pale pale ukingoni, Mama Klachi akaelewa. Yule mtu hakuwa na kiburi, wala haraka. Maishani mwake hakuwahi kusimama pale. Aliyekuwa akisimama ni mwalimu wake. Na nyuma ya mwokaji likaja gari la pili, na la tatu, na kwenye kila usukani alimtambua mwanafunzi wake, kila mmoja amefaulu, na wote akawapungia mkono. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo hakuvuka tena kwa miguu. Ndani ya gari alikuwa salama, lina mabati pande zote. Akamtia na mjukuu humo humo, safari nne kwa siku, akauita upendo. Na upendo ulikuwapo kweli, lakini haukuwa peke yake.

Angemwambia nani? Binti yake aliyesomeshwa kwa kibao kile? Mumewe, ambaye hakuwahi kukosea sentimita? Wazazi sita waliosema hakuna anayeijua barabara kama yeye? Kweli aliijua. Hapo ndipo penye tatizo.

Alhamisi asubuhi mwanafunzi wake alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mcheshi mwenye mikono myepesi na mguu mzito. Alikuwa amebakisha wiki mbili tu afanye mtihani. Walitoka chuoni, wakapita kwa kinyozi, wakaingia barabara kuu. Mshonaji alikuwa akisimulia harusi ambayo bwana harusi alichelewa kuliko mapazia.

Walipokaribia kivuko, Mama Klachi akatazama mbele, akatazama pande zote mbili, akahakikisha hakuna roho inayovuka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na minane. Akakunja miguu yote miwili, akaivuta chini ya kiti, akaifungia huko kama mbuzi.

Gari likapita juu ya milia, tena kwa mwendo wa kupeleka habari njema.

"Egesha pembeni," akasema. Sauti yake haikuwa yake. "Mbona hukusimama?"

Mshonaji akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani mimi nasimamaga pale, Mwalimu? Pale gari hujisimamia lenyewe. Nilidhani ndivyo lilivyotengenezwa. Leo lina nini?"

Mama Klachi akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, limeshavaa viatu. Akalimeza.

"Breki imelegea kidogo," akasema, na mara akajichukia, maana alikuwa amelisingizia gari lisilo na mdomo. "Shuka. Tunakwenda kwa miguu."

"Kwa miguu wapi? Nimejiandikisha udereva."

"Na huu ndio wenyewe. Shuka."

Wakasimama ukingoni mwa kivuko, mwalimu na mwanafunzi, kama kuku wawili wasiojua banda liko wapi. Mshonaji alianza kwa kucheka. Likapita lori, upepo wake ukamwinua kitambaa kichwani, akaacha kucheka. Likapita gari dogo, halafu jingine. Hakuna aliyesimama.

"Mbona hawatuoni?" akauliza.

"Wanatuona."

"Sasa mbona..." Akashika mkono wa Mwalimu. "Kumbe ukiwa chini huku, magari ni makubwa hivi?"

Walivuka pale barabara ilipokuwa tupu, wakarudi, wakavuka tena. Mara sita. Mama Klachi kila mara mguu wake wa kulia ulikanyaga chini kwa nguvu, na kila mara ardhi ikabaki ardhi. Lakini mara ya sita alikanyaga kwa nguvu kidogo kuliko mara ya tano. Hilo akalishika moyoni.

Waliporudi garini, mshonaji hakusimulia harusi. Alikamata usukani kwa mikono miwili, akazunguka, akaja tena kwenye milia. Mama Klachi akakunja miguu. Mshonaji alipunguza mapema mno, akapunguza tena, kisha akakanyaga breki kwa mguu wake ule mzito, na wote wawili wakainama mbele kama watu wanaookota kitu. Gari likazimika. Mbele yao kulikuwa na milia tu, haina mtu.

"Samahani, nimelizima."

"Umesimama," akasema Mama Klachi.

"Nimelizima, Mwalimu."

"Umesimama. Wewe. Mimi miguu yangu iko chini ya kiti, tazama."

Mshonaji akatazama kweli, akaiona ile miguu iliyojificha, akatabasamu bila kuelewa vizuri alikuwa anaambiwa nini. Kwa Mama Klachi kusimama kule, kubaya, kwa kushtuka, na gari limezimika, kulikuwa kuzuri kuliko kusimama kote kwa upole alikowahi kukuona pale. Ila ule uongo wa breki iliyolegea ulikuwa bado umekaa kwenye kiti cha nyuma, na ulikaa huko mchana kutwa.

Ijumaa, kabla ya saa moja, watoto sita walikuwa getini na mabegi yao. Nyuma yao, barabarani, magari sita yalikuwa yananguruma mahali pamoja. Wazazi walikuwa hawajazima injini. Walitaka kwanza waone. Babu Futi alikuwa amesimama kizingitini na kamba yake ndefu ya kupimia viwanja, ambayo alikuwa ameipiga mafundo, kila mita fundo moja.

"Kila mtoto fundo lake," alikuwa akieleza kwa sauti ya ofisini. "Hakuna kusogea mbele wala kurudi nyuma. Mkifika hivi hivi, mtakuwa msafara ulionyooka kuliko yote duniani."

"Na Mama Klachi?" akauliza mama mmoja kupitia dirisha la gari.

Babu akatazama ndani.

Mama Klachi akatoka. Alikuwa amevaa viatu vya raba vya binti yake, vinavyombana kidogo. Mikononi hakuwa na funguo. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kamba, akashika ncha yake, Chiriku akashika fundo la kwanza. 

"Zimeni hayo magari," Mama Klachi akawaambia wazazi. "Yanakula bure."

Yakazimwa, moja moja. Ukaja utulivu ambao mtaa ule haukuwahi kuusikia saa hiyo, na ndani yake watu wakasikia ndege, na mtu anapiga mswaki nyuma ya ukuta. Mama wawili walishuka kwenye magari yao wakaufuata msafara kwa nyuma, kwa kificho kidogo, kama watu waliosahau kitu njiani.

Wakaenda. Mama Klachi alikuwa ameipita njia ile mara elfu nyingi, na sasa alikuta hajawahi kuiona. Ukuta wa nyumba ya pembeni ulikuwa na mlango wa kijani. Duka la vioo liliweka nje kioo kilichopasuka, na watoto saba wakapita ndani yake wakawa kumi na wanne. Mtoto wa fundo la nne alitega vitendawili, wa fundo la saba akajibu kabla ya wengine, na ugomvi wa kirafiki ukapanda na kushuka kambani kama umeme kwenye waya.

"Mita mia mbili," Chiriku akasema, maana Babu alikuwa amempa orodha.

Wakafika kwenye kivuko. Mama Klachi akasimama, kamba yote ikasimama. Mkono wake wa kushoto ulimshika mjukuu, na safari hii alijilazimisha asiukamue. Akatazama kulia. Gari la mikate lilikuwa linakuja.

Ukitaka kujua moyo wake ulikuwa wapi, ulikuwa kwenye mguu wa kulia. Ulikanyaga. Ulikanyaga lami mpaka kisigino kikauma, na mwokaji aliendelea kuja. Hakukuwa na breki nyingine duniani isipokuwa ile iliyokuwa miguuni pa mwokaji, na jinsi ya kuitumia hapo Mama Klachi hakuwahi kumfundisha.

Akawaacha watoto ukingoni. Akapiga hatua moja, akakanyaga mlia wa kwanza, akainua kiganja chake kikakaa wima mbele ya kifua. Ndicho kiganja alichowaonyesha wote siku ya kwanza uwanjani, kabla hawajashika usukani: kiganja hiki ukikiona, acha unalofanya.

Mwokaji alikiona. Uso wake ukabadilika kama wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Gari likapiga kelele, likaenda mbele kidogo, likasimama; gurudumu moja likiwa limekanyaga mlia mweupe. Nyuma, mikate ikasikika ikihama rafu.

Akateremsha kioo taratibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Gari limekufa?"

"Marahaba. Gari zima, limelala tu. Umekanyaga mlia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rudi nyuma."

Akarudi nyuma, kwa kutazama vioo vyote vitatu, kama alivyofundishwa. Nyuma yake magari mengine yalikuwa yameshasimama, na katika kila usukani Mama Klachi alimwona mtu wake: mgawa barua wa posta, muuza simu, fundi bomba na miwani yake. Hakuna aliyepiga honi. Nani ampigie honi Mama Klachi?

Akawaashiria watoto. Kamba ikavuka, fundo kwa fundo, na wale mama wawili wakavuka nayo. Mwokaji alikuwa bado ametoa kichwa dirishani, anafikiri.

"Ajabu," akasema. "Nakumbuka yote uliyonifundisha. Kona, kupanda mlima, kuegesha. Lakini sikumbuki siku uliyonifundisha kusimama hapa."

"Njoo kesho asubuhi," akasema Mama Klachi. "Uje bila gari."

"Bila gari nitajifunzaje udereva?"

"Njoo tu."

Akavuka milia iliyobaki, mmoja, mmoja, akafika ng'ambo. Magari yakaondoka nyuma yake polepole, kwa adabu ambayo barabara ile haikuizoea.

Mwalimu wa darasa alikuwa langoni, kwenye ukuta wa njano, na daftari mkononi. Alihesabu mafundo, akahesabu watoto, akawasalimu wale mama wawili, akaangalia mbele ya kamba nani anaongoza, akafurahi mpaka akaangusha kalamu.

"Nilijua itakuwa wewe," akasema. "Jumatatu pia?"

"Jumatatu pia. Na mchana nitakuja hivi hivi."

"Wazazi watalala na amani. Barabara hii nani anaijua kama wewe?"

Wale mama wawili wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa sifa, na ilitolewa kwa moyo mweupe. Angeweza kuipokea, akarudi nyumbani nayo, na hakuna ambaye angejua. Kibao kingebaki na rangi yake. Mama Klachi akakunja kamba, fundo juu ya fundo, mpaka ikaisha. Chiriku alikuwa ameshageuka kuwakimbilia wenzake.

"Njoo hapa kidogo," akamwita. Mtoto akarudi. Mwalimu wa darasa akataka kusogea pembeni kuwapa nafasi. "Wewe pia baki, Mwalimu. Na nyinyi mama zangu. Afadhali mlisikie kwangu."

Akachuchumaa, viatu vya binti yake vikimbana, mpaka macho yake na ya mjukuu yakawa sawa.

"Uliniuliza naogopa nini, nikaenda kuosha vikombe. Nilikuwa nawaogopa wanafunzi wangu. Miaka yote hii, kila wanapofika pale kwenye kivuko, mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga breki, polepole, wasijue, halafu nawaambia vizuri sana. Hawajui kusimama, mjukuu wangu, na kosa si lao. Nilikuwa naogopa kazi ya mguu wangu mwenyewe, na kesho asubuhi naanza kuwaita, mmoja mmoja, niwafundishe."